Jicho, Swali na Neno: Utafiti wa Kuona kutoka Ankole hadi Uhalisia Pepe

Aghalabu kuona huchukuliwa kuwa kazi ya jicho peke yake. Hata hivyo, mtafiti wa kuona hukabiliwa na tatizo ambalo si la jicho: hawezi kuingia katika kichwa cha mtu ili ajue anachokiona. Sharti amuulize, na pindi anapouliza, lugha huwa sehemu ya kipimo chake. Makala haya yanafafanua kazi za wanasayansi wawili, Marshall Segall na Mel Slater, kwa nia ya kuonyesha kwamba sayansi hii inahitaji wataalamu wa lugha kadiri inavyohitaji wataalamu wa macho. Mtaa wa Donholm, Nairobi, utatumiwa kama mfano wa mahali ambapo maswali hayo yangeweza kuulizwa kwa Kiswahili.

Segall na mistari miwili

Utafiti wa Segall ulichipuka kutokana na ubishi. Katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, miaka ya 1950, mwanaanthropolojia Melville Herskovits alishikilia kuwa utamaduni huathiri hata namna watu wanavyoona. Mwanasaikolojia Donald Campbell alilitilia shaka dai hilo. Badala ya kuendelea kubishana, waliamua kulipima wakishirikiana na Segall, aliyekuwa bado kijana. Matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 1963, na kitabu kamili kikatoka mwaka 1966. Miongoni mwa jamii zilizopimwa ni Wanyankole na Watoro wa Uganda.

Chombo chao kikuu kilikuwa mchoro uliobuniwa na Mjerumani Franz Müller-Lyer mwaka 1889. Mistari miwili yenye urefu sawa huchorwa. Mmoja hufungwa kwa vichwa vya mishale vinavyorudi ndani, na mwingine kwa vichwa vinavyopanuka nje. Watu wengi huuona ule wa pili kuwa mrefu zaidi. Katika utafiti huo, waliodanganyika zaidi hawakuwa Waafrika wa vijijini bali wakazi wa mji wa Evanston, karibu na Chicago. Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika kabisa. Katika mchoro mwingine, ambapo mstari uliosimama huonekana mrefu kuliko uliolala, Wanyankole na Watoro, wakazi wa nchi iliyo wazi, walikuwa miongoni mwa waliodanganyika zaidi.

Maelezo ya watafiti hao yalikuwa kwamba jicho hujifunza kutoka kwa mazingira. Anayekulia katika dunia ya seremala na mwashi, yenye kuta, milango na pembe za mraba, huzoea kuisoma mishale ile kama pembe za chumba, zilizo karibu au mbali. Donholm ni dunia ya namna hiyo. Palipokuwa shamba wakati wa ukoloni, leo pana safu za nyumba zilizoshikana, kuta za mawe yaliyochongwa na mageti ya chuma, na Barabara ya Outering ikinyooka kando yake. Kwa hoja hii, mtoto wa Donholm angetarajiwa kuona kama mtoto wa Evanston kuliko kama mtoto wa Kalahari. Mwaka 1973 Mary Stewart alichapisha matokeo yanayoelekea huko: katika Evanston hakupata tofauti kati ya watoto weusi na weupe, lakini nchini Zambia tofauti ilifuata kiwango cha ujenzi, kutoka bonde la Zambezi hadi jijini Lusaka. Rangi ya ngozi haikuwa sababu.

Hoja hiyo haijakosa wapinzani. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kuwa watoto nchini India waliozaliwa vipofu walidanganywa na mchoro huo mara tu baada ya kutibiwa. Mwaka 2025 Dorsa Amir na Chaz Firestone walidai kwamba udanganyifu huo si zao la utamaduni. Mjadala ungali wazi. Lakini kuna jambo katika kazi ya Segall ambalo halitegemei mshindi wa mjadala huo, nalo ni uangalifu wake katika kuuliza. Mistari ilichorwa kwa rangi tofauti na kuachiwa nafasi ndogo, ili anayeulizwa asiwe na shaka ni sehemu ipi inayozungumziwa. Aidha, kila mtu alianza kwa maswali mepesi ambayo jibu lake lilikuwa dhahiri. Aliyeyakosa alihesabiwa kuwa hakulielewa swali, si kwamba haoni. Kabla ya kupima jicho, walipima mawasiliano.

Slater na mahali pasipokuwapo

Uhalisia pepe ulirithi tatizo hilohilo. Tangu Ivan Sutherland alipokionyesha chombo chake cha kuvaliwa kichwani mwaka 1968, msingi wake haujabadilika sana. Kila jicho hupewa picha yake, zikitofautiana kidogo kama macho yanavyotofautiana kwa nafasi, na ubongo huziunganisha na kupata kina. Vihisio hufuata mwendo wa kichwa, na picha hubadilika papo hapo.

Mel Slater, aliyekuwa profesa katika University College London kisha akahamia Barcelona, alitumia miaka mingi kuchunguza matokeo ya mpangilio huo kwa nafsi ya mvaaji. Mwaka 2009 alitofautisha hisia mbili. Ya kwanza ni hisia ya kuwa mahali fulani ilhali mtu anajua hayupo. Ya pili ni hisia kwamba yanayotokea mahali hapo yanatokea kweli.

Hisia hizo zilizoeleka kupimwa kwa hojaji. Mwaka 2004 Slater aliutikisa utaratibu huo kwa mzaha wenye hekima. Alibuni dhana isiyo na msingi, “rangi” ya siku iliyopita, akawauliza watu siku yao ya jana ilikuwa na rangi kiasi gani. Walijibu, na majibu yao yakatoa uhusiano wa kitakwimu unaofanana na ule wa dhana halali. Funzo lilikuwa kwamba swali linaweza kukizaa kitu linachodai kukipima. Ndiyo sababu yeye na wenzake walitazama pia mwili na matendo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, washiriki walitakiwa kumpa mwanamke wa kompyuta mitetemo ya umeme kila alipokosea. Walijua hakuwa mtu, lakini waliomwona na kumsikia walipatwa na fadhaa.

Upo, uko au umo?

Tuchukulie kwamba mtafiti ameileta miwani hiyo Donholm na anataka kumuuliza mkazi swali la Slater kwa Kiswahili. Kiingereza humpa neno moja la mahali. Kiswahili humpa matatu. “Ulijiona upo?” hurejelea mahali mahususi. “Ulijiona uko?” hurejelea mahali pasipo dhahiri. “Ulijiona umo?” hurejelea ndani. Mvaaji anaweza kujiona yumo chumbani bila kujiona yupo mbele ya yule anayezungumza naye. Ngeli ya mahali, ambayo mwanafunzi huifundishwa kama kanuni ya upatanisho, hapa inakuwa kipimo chenye alama tatu.

Hata hivyo, tahadhari ya Segall ingali ya lazima. Katika mazungumzo ya kila siku ya Nairobi, -ko hutawala, na wengi husema “niko ndani” pasipo kuhisi upungufu wowote. Kabla ya kutumia tofauti hizo, mtafiti angepaswa kuuliza maswali mepesi ya utangulizi kuhusu chumba halisi, ili ajue kama msikilizaji wake anazitofautisha. Akiruka hatua hiyo, atarudia kosa alilolifichua Slater: atapata takwimu nadhifu za tofauti iliyo katika hojaji tu.

Hitimisho

Segall na Slater walitofautiana kwa zama, vyombo na taaluma, lakini wote wawili walishuku swali kabla ya kushuku jicho. Vyombo vya uhalisia pepe vinapozidi kuingia katika mafunzo na tiba, hojaji zake zitatafsiriwa kwa Kiswahili, ama na wanaoijua ngeli ya mahali, ama na wasioijua. Tafsiri mbovu haitaonekana kuwa kosa la tafsiri. Itasomwa kama upungufu wa macho au wa akili ya msemaji, jambo ambalo Waafrika wamewahi kusingiziwa. Kazi ya kulizuia inaanzia katika idara za Kiswahili.