Utani wa Wakalvini na Waarminio: Kicheko kilichozaliwa na ugomvi wa karne nne

MKALVINI mmoja aliteleza ngazini akabiringika hadi sakafuni. Alipoinuka, alijipangusa vumbi, akashusha pumzi na kusema: "Ashukuriwe Mungu, hilo nalo limekwisha."

Hiki ni kichekesho cha zamani miongoni mwa Wakristo wa Kiprotestanti, na asiyejua chanzo chake huenda akashangaa wengine wanacheka nini. Kinamtania mtu anayeamini kwamba kila jambo, hata mteremko wa ngazi, lilipangwa na Mwenyezi Mungu kabla ya dunia kuumbwa. Lililoandikwa kuanguka lilikuwa sharti lianguke, na kilichosalia ni kushukuru kwamba limeondoka katika orodha.

Mtani wake ni Mwarminio, yule anayesisitiza kwamba binadamu amepewa hiari ya kuupokea wokovu au kuukataa. Naye ana kichekesho chake. Imani ya Wakalvini hufupishwa kwa nguzo tano ambazo herufi zake za kwanza, kwa Kiingereza, huunda neno "tulip", ua ambalo Uholanzi inasifika kwalo. Wakalvini hudai kwamba Waarminio nao wana ua lao: daisy, lile dogo jeupe ambalo vijana wa Ulaya walio katika mapenzi hulinyofoa petali moja moja wakisema, "Ananipenda, hanipendi, ananipenda, hanipendi." Maana yake ni kuwa muumini anayeamini kwamba anaweza kuupoteza wokovu hulala ameokoka na kuamka hana hakika.

Majina yenyewe yana historia. John Calvin, Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1509, alikuwa mwalimu mkuu wa mageuzi ya kanisa mjini Geneva hadi kifo chake mwaka wa 1564. Si yeye aliyebuni fundisho la uteule, kwani Augustino alikuwa amelizungumzia zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, lakini ndiye aliyelifanya litambulike kwa jina lake. Jacobus Arminius, Mholanzi aliyezaliwa mwaka wa 1560, alisoma huko huko Geneva chini ya Theodore Beza, mrithi wa Calvin. Hakuwa mtu wa nje aliyekuja kubomoa. Alikuwa mchungaji wa kanisa lile lile, na tangu mwaka wa 1603 profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden. Swali lililomkera lilikuwa hili: ikiwa Mungu aliwachagua baadhi na kuwaacha wengine bila kuitazama imani yao, atawezaje kuwahukumu walioachwa?

Arminius alifariki mwaka wa 1609. Mwaka uliofuata wafuasi wake waliwasilisha hoja tano kwa watawala wa jimbo la Holland, na hapo ndipo mambo yalipochacha. Siasa ilichangamana na dini hata ikawa vigumu kuzitenganisha. Sinodi iliyokutana mjini Dordrecht kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619, ikihudhuriwa pia na wajumbe kutoka Uingereza, Uswisi na Ujerumani, iliwapata Waarminio na hatia ya upotofu. Wachungaji wao walifutwa kazi, na waliokataa kunyamaza wakafukuzwa nchini. Siku chache baada ya sinodi kufunga vikao vyake, Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi wa serikali aliyewakinga, alikatwa kichwa hadharani mjini The Hague kwa mashtaka ya uhaini. Alikuwa na umri wa miaka 71.

Kwa hivyo anayedhani kwamba utani huu ni mzaha wa watu wasio na kazi na akumbuke damu hiyo.

Hata hivyo, kicheko kilianza mapema. Hugo Grotius, mwanasheria mashuhuri aliyekuwa upande wa Waarminio, alihukumiwa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein. Aliruhusiwa kuletewa vitabu ndani ya sanduku kubwa, na baada ya muda walinzi walichoka kulipekua. Mnamo Machi 1621, mkewe, Maria van Reigersberch, alimtia Grotius mwenyewe ndani ya sanduku hilo na kulifunga. Husimuliwa kwamba askari mmoja aliyelibeba alilalamikia uzito wake, akasema lazima mna Mwarminio ndani. Mke akajibu kwa utulivu kwamba ni vitabu vya Waarminio tu. Grotius alifika Paris salama, na hadi leo zaidi ya jumba moja la makumbusho nchini Uholanzi huonyesha sanduku linalodaiwa kuwa ndilo.

Wengi watakitambua pia kisa cha mtu aliyekuta wanatheolojia wamejitenga makundi mawili. Alikwenda kwa wale wa uteule, akaulizwa ni nani aliyemleta. "Nimekuja kwa hiari yangu," akasema. Wakamfukuza. Akaenda kwa wale wa hiari, wakamuuliza kwa nini amewajia. "Sikuwa na la kufanya, nimeletwa," akajibu. Nao wakamfungia mlango.

Ni lazima kukiri kwamba vichekesho hivi havitendi haki kwa upande wowote. Calvin hakufundisha kwamba mtu akae akisubiri majaaliwa. Kwake, Mungu aliyepanga mavuno ndiye aliyepanga pia jembe na jasho. Arminius naye hakusema kwamba mtu hujiokoa mwenyewe. Alishikilia kwamba neema ya Mungu hutangulia, na pasipo hiyo hakuna anayeweza hata kuitamani heri. Tofauti ni iwapo neema hiyo inaweza kukataliwa. Nalo swali hilo si dogo kwa mzazi anayemwombea mwana aliyepotea: je, anamwomba Mungu abadilishe moyo wa mtoto, au anamwomba mtoto afungue mlango?

Nchini Uingereza, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alisimama na Arminius, huku rafiki yake George Whitefield akisimama na Calvin. Walirushiana maneno makali kuanzia mwaka wa 1739, lakini Whitefield alipofariki mwaka wa 1770, aliyehubiri katika ibada ya kumkumbuka jijini London alikuwa Wesley.

Mhubiri Charles Simeon wa Cambridge alisimulia jinsi mchungaji kijana, ambaye huaminika kuwa ni yeye mwenyewe, alivyokutana na mzee wa Waarminio, yaani Wesley. Inasadikiwa kuwa ilikuwa mwaka wa 1784. Kijana alitania kwamba huenda ikawabidi wachomoe majambia, ila aliomba kwanza aulize maswali machache. Je, mzee angemtafuta Mungu kama Mungu hangemtangulia moyoni? La hasha. Je, anategemea matendo yake? Hata kidogo. Je, anaweza kujihifadhi mwenyewe hadi mwisho? Hawezi. Basi, kijana akasema, rudisha jambia alani, kwani Ukalvini wangu wote ni huo.

Kenya iliwapokea wote wawili. Wamethodisti walifika pwani mwaka wa 1862, na Wapresbiteri kutoka Scotland, warithi wa Calvin, wakaja miaka ya 1890. Leo makanisa yao ni miongoni mwa yanayodhamini Chuo Kikuu cha St Paul's huko Limuru, ambako wachungaji wa pande zote mbili husomeshwa. Kule Mlima Kenya, wamishenari waligawana maeneo: Wamethodisti wakajenga Kaaga, karibu na mji wa Meru, mwaka wa 1912, na Waskoti wakaanzisha Chogoria mwaka wa 1922. Hivyo wapo wengi ambao kanisa lao liliamuliwa na mpaka uliochorwa kabla hawajazaliwa. Mpresbiteri atasema hilo lilikuwa limepangwa tangu milele. Jirani yake Mmethodisti atamkumbusha kwamba basi la kwenda Meru hupita pale kila siku, na nauli si kubwa.