Kuchoma Uvimbe, Kuiacha Tezi

Tezi dume imekaa mahali pabaya. Juu yake kuna kibofu, nyuma yake njia ya haja kubwa, katikati umepita mrija wa mkojo, na ubavuni imegandamana na mishipa ya fahamu inayosimamisha uume. Ndiyo maana mwanamume akiambiwa ana saratani ya tezi hii hakawii kuuliza, hata kwa kunong'ona: mkojo utanivuja? Na ndoa yangu je? Kuiondoa tezi yote kwa upasuaji, au kuipiga mionzi, hutibu vizuri saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, lakini majirani hao huumia mara nyingi.

Mawimbi ya sauti yaliyolengwa yamekuja kujaribu kuwaepusha. Ni sauti ya aina ileile inayotumika kumwangalia mtoto tumboni, ila nguvu yake ni kubwa mno. Mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi au ganzi ya mgongo, kisha kifaa chembamba huingizwa katika njia ya haja kubwa. Mawimbi hutoka yakiwa yametawanyika, hivyo hupita kwenye ukuta wa utumbo bila kuuchoma. Maji baridi yanayozunguka ndani ya kifaa huulinda zaidi. Mawimbi yakifika yanapokusudiwa yote hukutana, joto likapanda kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na seli hufa ndani ya sekunde chache. Kila pigo huua sehemu yenye ukubwa wa punje ya mchele. Mashine husogea punje kwa punje hadi eneo lote liishe. Hakuna kisu wala mshono. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, wakiwa na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa kwa sababu tezi iliyochomwa huvimba.

Teknolojia yenyewe si changa. Madaktari wa Lyon, Ufaransa, walianza kuwatibu wagonjwa wa tezi dume kwa njia hii katika miaka ya 1990, na wakati huo walichoma karibu tezi nzima. Kwa maoni yangu, kilichoibadilisha tiba hii ni MRI kuliko mashine yenyewe. Picha za MRI zilipokuwa safi kiasi cha kuonyesha uvimbe umelala upande gani, wataalamu wa London na kwingineko waliweza kuchoma upande huo tu na kuuacha mwingine. Bila picha nzuri, na bila biopsi (kipande cha nyama cha kupimwa) iliyochukuliwa kwa kufuata picha hiyo, hata mashine ya bei kubwa kiasi gani itachoma kwa kubahatisha.

Matokeo yanatia moyo, ila yasomwe taratibu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018, uliofuatilia wanaume 625, ulionyesha kuwa 98 kati ya kila 100 waliochunguzwa hawakuhitaji pedi za mkojo. Mwaka 2022 ukatoka mwingine wa wagonjwa 1,379: baada ya miaka 7, tiba ilikuwa haijashindwa kwa takriban 69 kati ya 100. Lakini kuchomwa mara ya pili hakukuhesabiwa kuwa kushindwa. Utafiti mkubwa wa Ufaransa, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000, ulikuta kwamba baada ya miezi 30 mawimbi hayakuwa nyuma ya upasuaji katika kumwepusha mgonjwa na tiba nyingine. Hata hivyo wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na miezi 30 ni michache kwa saratani inayotambaa polepole hivi. Marekani nayo, ilipoziruhusu mashine hizi mwaka 2015, iliruhusu kuharibu nyama ya tezi dume. Haikusema zinatibu saratani. Tofauti hiyo huwa haionekani kwenye matangazo.

Anayefaa ni nani, basi? Mwenye uvimbe wa hatari ya wastani, unaoonekana kwenye MRI, uliothibitishwa na biopsi, na uliobaki ndani ya tezi. Uvimbe wa mbele katika tezi kubwa huwa mbali kufikiwa, na chembe za chokaa ndani ya tezi huzuia sauti. Saratani ikishafika kwenye mifupa, hali wanayokuja nayo hospitalini wanaume wengi wa Afrika Mashariki, tiba hii haina kazi.

Upande wa pili yupo mwenye saratani ndogo, pole, ambaye pengine hahitaji kuguswa. Utafiti wa Uingereza uliofuatilia wanaume 1,643 kwa miaka 15 ulikuta kuwa waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban 3 kati ya 100, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi au walifuatiliwa tu. Kumsafirisha mtu wa namna hiyo hadi ng'ambo akachomwe ni kumuuzia hofu yake mwenyewe.

Jambo la mwisho huwashangaza wengi. Kwa kuwa sehemu ya tezi imebaki, kipimo cha damu cha PSA hakishuki hadi sifuri, na saratani mpya inaweza kuota upande uliobaki. Kinachofuata ni PSA kila baada ya miezi kadhaa, MRI tena, na mara nyingi biopsi nyingine baada ya mwaka, hata kama mgonjwa anajisikia mzima kabisa. Asiyeweza kuvipata vipimo hivyo mfululizo karibu na kwake, namshauri achague mionzi au upasuaji.