Serikali na Kifo cha Hiari: Usimamizi wa Huduma ya Kusaidiwa Kufa katika Jimbo la Victoria, Australia

1. Utangulizi

Katika nchi kadhaa za dunia sheria inamruhusu mgonjwa asiye na tumaini la kupona kuomba dawa ya kukatisha maisha yake, naye daktari anaruhusiwa kumpatia. Katika Australia jambo hili huitwa kusaidiwa kufa kwa hiari. Nchini Tanzania kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai, na huenda msomaji akauliza mchungaji wa hapa ana haja gani ya kujua taratibu za mbali namna hiyo. Haja ipo. Makanisa ya Kilutheri tunayoshirikiana nayo yanaishi chini ya sheria hizo. Wanafunzi wetu huenda kusoma huko. Na maswali yenyewe, yaani maumivu, uzee, gharama za matibabu na hofu ya kuwa mzigo kwa wengine, yanajulikana katika kila usharika.

Makala hii haikusudii kurudia mjadala mzima wa iwapo tendo hili ni halali mbele za Mungu. Inakusudia kueleza jambo ambalo mara nyingi huachwa nyuma: serikali ikishairuhusu huduma hiyo, huisimamia kwa namna gani, na usimamizi huo unaweza kulinda nini na hauwezi kulinda nini.

2. Historia kwa ufupi

Sheria ya kwanza ya Australia ilipitishwa mwaka 1995 katika Eneo la Kaskazini, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1996. Watu wanne walikufa chini ya sheria hiyo kabla Bunge la Shirikisho halijaibatilisha mwezi Machi 1997. Baada ya hapo miswada mingi iliwasilishwa katika majimbo mbalimbali na kushindwa, hata Bunge la Victoria lilipopitisha sheria yake mwaka 2017. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 19 Juni 2019. Majimbo mengine matano yalifuata: Australia Magharibi mwaka 2021, Tasmania mwaka 2022, kisha Queensland, Australia Kusini na New South Wales mwaka 2023.

Waliotunga sheria ya Victoria walijua kwamba hofu kubwa ya wananchi haikuwa juu ya mgonjwa mmoja mwenye mateso makali, bali juu ya wale wasio na sauti: wazee, walemavu, na wale ambao jamaa zao wamechoka kuwauguza. Kwa sababu hiyo serikali ilisisitiza kwamba sheria yake ina vizuizi 68. Tuangalie vilivyo vikuu kama vilivyowekwa na sheria hiyo ya mwaka 2017.

3. Usimamizi kabla ya kifo

Mwombaji alitakiwa awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe raia au mkazi wa kudumu wa Australia, na awe ameishi Victoria kwa muda usiopungua miezi 12. Ilimpasa kuwa na akili timamu ya kuamua, na ugonjwa usioponyeka unaotarajiwa kumwua katika muda usiozidi miezi 6, au miezi 12 kwa magonjwa yanayoharibu mishipa ya fahamu. Ugonjwa wa akili peke yake, au ulemavu peke yake, haukuwa sababu ya kukubaliwa.

Ombi lilipaswa kutolewa mara tatu: kwanza kwa mdomo, pili kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili, na tatu kwa mdomo tena. Kati ya ombi la kwanza na la mwisho zilitakiwa kupita siku 9, isipokuwa mgonjwa alipokuwa karibu kufa. Madaktari wawili, kila mmoja kwa nafsi yake, walimpima mwombaji. Wote wawili walilazimika kupata mafunzo maalumu kwanza. Aidha, sheria ilimkataza mtumishi wa afya kulianzisha yeye mwenyewe jambo hili katika mazungumzo na mgonjwa. Neno la kwanza lilipaswa kutoka kinywani mwa mgonjwa.

Hayo yote yakikamilika, daktari hakuwa bado na mamlaka ya kutoa dawa. Ilimbidi aombe kibali kwa Katibu wa Wizara ya Afya. Hapa ndipo usimamizi wa serikali ulipoonekana kwa nguvu zaidi: hakuna aliyekufa kwa njia hii pasipo karatasi yenye idhini ya dola. Kwa kawaida kibali kilimruhusu mgonjwa kuinywa dawa kwa mkono wake mwenyewe. Daktari aliruhusiwa kumpa tu pale ambapo mgonjwa hakuweza kumeza au kusaga chakula tumboni. Dawa ilitolewa na kituo kimoja cha famasia kwa jimbo zima, kilicho katika hospitali ya Alfred mjini Melbourne, nayo ilitunzwa katika sanduku lenye kufuli. Tena mgonjwa alimteua mtu wa mawasiliano, ambaye wajibu wake ulikuwa kurudisha dawa iliyobaki.

4. Usimamizi baada ya kifo

Sheria iliunda Bodi ya Mapitio, ambayo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Betty King, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu. Bodi hupokea fomu za kila hatua na kulipitia kila shauri hata baada ya mgonjwa kufa. Ikiona dalili ya kosa, huweza kulipeleka shauri kwa polisi, kwa hakimu mchunguzi wa vifo, au kwa mamlaka inayosajili madaktari. Aidha, hutoa taarifa bungeni. Kutokana na taarifa zake tunajua kwamba kuanzia Juni 2019 hadi tarehe 30 Juni 2020 vilitolewa vibali 231, na watu 124 walikufa kwa dawa hiyo. Tofauti ya hesabu hizo inafundisha jambo: kupata kibali si sawa na kukitumia. Wapo waliokufa kwa ugonjwa wao kabla ya kuigusa dawa.

Ni vema kulinganisha na Uholanzi, ambako sheria yake ilianza mwaka 2002. Huko hakuna kibali cha serikali kabla ya kifo. Daktari hutenda kwanza kisha hutoa taarifa, na kamati ya kanda yenye mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili huamua kama alifuata masharti. Njia ya Victoria humzuia daktari mlangoni. Njia ya Uholanzi humhoji akiisha kutoka. Ya kwanza huweza kumchelewesha mgonjwa. Ya pili haiwezi kumrudisha aliyekwisha kufa.

5. Mipaka ya usimamizi

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba bodi husoma karatasi. Fomu huandikwa na daktari yuleyule anayechunguzwa. Nayo huonyesha siku, sahihi na majina ya mashahidi, lakini haionyeshi yaliyosemwa nyumbani usiku. Mtoto anayesema mbele ya mama yake kwamba dawa zimekuwa ghali hajavunja sheria yoyote. Mgonjwa anayesikia neno hilo akajiona mzigo hatalitaja kwa daktari. Shinikizo la namna hii halina shahidi, na kwa hiyo bodi haiwezi kuliona.

Jambo la pili linahusu dawa yenyewe. Mwaka 2023 katika jimbo la Queensland mzee mmoja alikunywa dawa iliyokuwa imetolewa kwa ajili ya mkewe, ambaye alifia hospitalini bila kuitumia. Masharti ya kuirudisha yalikuwapo, lakini utekelezaji wake ulikuwa mikononi mwa mtu mwenye majonzi. Hakimu mchunguzi wa vifo, katika uamuzi wake wa mwaka 2024, aliikosoa sheria kwa kuiacha dawa ya hatari kiasi hicho katika nyumba ya watu pasipo uangalizi wa mtaalamu.

Jambo la tatu ni zito kuliko hayo. Serikali ya Victoria hutoa kibali, hulipia famasia, hugharimia watumishi wa kumwongoza mgonjwa katika hatua zote, na waziri wake wa afya ndiye anayewateua wajumbe wa bodi. Ni serikali hiyohiyo inayogharimia vitanda vya hospitali. Mwenye kutoa huduma na mwenye kuisimamia wako chini ya paa moja. Hatusemi kwamba kuna udanganyifu; twasema kwamba muundo huo unadai uadilifu mkubwa na uwazi wa kudumu.

6. Taasisi za Kanisa

Kanisa la Kilutheri la Australia limepinga sheria hizi. Hata hivyo Walutheri wanaendesha nyumba nyingi za kutunzia wazee, nazo ziko chini ya sheria za majimbo. Mtumishi mmoja mmoja analindwa: anaweza kukataa kushiriki kwa ajili ya dhamiri yake. Lakini taasisi je, ina dhamiri? Sheria ya Queensland ya mwaka 2021 inajibu kwa kuweka mpaka. Nyumba ya wazee inaweza kukataa kutoa huduma hiyo, ila haiwezi kumzuilia mkazi wake wa kudumu habari wala kumfungia mlango daktari anayekuja kumwona, kwa kuwa chumba kile ndicho nyumbani kwake. Mchungaji wa nyumba hiyo huenda akaitwa kwenye kitanda cha mtu aliyekwisha kuweka siku.

Katika Ujerumani mvutano ulizuka ndani ya Kanisa lenyewe. Tarehe 26 Februari 2020 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha sheria kilichokataza huduma za kusaidia watu kujiua. Mwezi Januari 2021 wanateolojia Reiner Anselm na Isolde Karle, pamoja na Ulrich Lilie aliyekuwa rais wa Diakonia, walipendekeza kwamba taasisi za kikristo zisiifunge njia hiyo kabisa. Wengine, miongoni mwao askofu mstaafu Wolfgang Huber, waliwapinga. Bunge nalo lilikataa miswada miwili ya kuratibu jambo hilo tarehe 6 Julai 2023. Hivyo hapo tendo liliruhusiwa pasipo sheria maalumu ya kulisimamia, hali ambayo wapinzani na watetezi wote waliiona kuwa ya hatari.

7. Tafakari ya kiteolojia

Mafundisho ya Kilutheri hutofautisha utawala wa Mungu kwa njia ya Injili na utawala wake kwa njia ya dola. Dola imepewa upanga ili imlinde mwema na kumzuia mwovu (Rum. 13:1-4). Kwa msingi huo baadhi hudai kwamba serikali inayosimamia kifo cha hiari imevuka mpaka wake, maana imegeuka kutoka mlinzi wa uhai kuwa mtoaji wa kibali cha mauti. Wengine hujibu kwamba dola haina kazi ya kuwafanya watu watakatifu. Palipo na tendo litakalofanyika kwa siri, ni afadhali lifanyike mbele ya macho ya sheria. Hoja hii ya pili si ya kudharauliwa, lakini ina udhaifu: sheria huzuia, na pia hufundisha. Jambo lililowekewa fomu na ofisi huanza kuonekana la kawaida.

Luther, katika kueleza Amri ya Tano, hakuishia kukataza kuua. Alifundisha pia wajibu wa kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili. Hapo ndipo Kanisa lina la kusema kabla ya dola. Eliya aliomba kufa, na jibu alilopewa lilikuwa mkate, maji na usingizi (1 Fal. 19:4-6). Tiba shufaa hufuata njia hiyo. Uganda, ambako Hospice Africa ilianzishwa mwaka 1993, iliwaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuandika mofini. Nasi tunazo hospitali za KKKT zinazotoa tiba shufaa. Anayepinga kifo cha hiari huku akiacha wagonjwa wafe kwa maumivu yanayoweza kutulizwa ameishika nusu tu ya amri.

8. Hitimisho

Mchungaji anayekutana na sheria ya namna hii na aiulize maswali manne. Nani hutoa idhini, kabla au baada ya kifo? Anayechunguza amewekwa na nani? Aliye maskini anapata tiba shufaa kwa urahisi uleule anaopata kibali? Na mwenye kukataa kwa dhamiri analindwa kwa kiasi gani?

Zaidi ya hayo, na akumbuke kwamba huko Victoria cheti cha kifo hutaja ugonjwa kuwa ndio sababu. Anaweza kumzika mtu asijue alikufaje, na wafiwa wakabaki na siri wasiyo na wa kumwambia. Kazi ya kuwasikiliza hao haimo katika mamlaka ya bodi yoyote.