Mzigo Haujafika: Nani Anamdai Nani?

Muuzaji wa vyondo wa Nairobi ametuma kifurushi cha kilo mbili kwa mteja wake, Mkenya aliyehamia Manchester. Amelipia bima, risiti anayo, namba ya kufuatilia mzigo anayo. Wiki ya tano imeingia, ukurasa wa posta bado unasema mzigo umeondoka nchini, na mteja ameandika ujumbe wa tatu akitaka pesa yake. Muuzaji anamjibu kwamba mzigo una bima, kwa hiyo aende akaulizie posta ya huko aliko. Jibu hilo limekosea mlango.

Katika mauzo hayo mamoja kuna mikataba miwili. Wa kwanza ni wa mnunuzi na muuzaji: nimelipa, niletee mali yangu. Wa pili ni wa muuzaji na posta: nimelipa nauli, fikisha mzigo, na ukipotea nifidie. Mnunuzi hayumo katika mkataba wa pili, na posta haimo katika ule wa kwanza. Bima inakaa kwenye huo wa pili tu. Inamsaidia muuzaji asibebe hasara peke yake, lakini haipunguzi hata shilingi moja katika deni alilo nalo kwa mteja. Anayechanganya mikataba hii hujikuta amemuudhi mteja, na mara nyingi fidia nayo imempita.

Posta inaahidi nini

Mizigo ya posta inayovuka mipaka husafiri chini ya kanuni za Umoja wa Posta Duniani, UPU, ambao mizizi yake ni mkataba uliosainiwa Bern, Uswisi, mwaka 1874. Kanuni hizo ndizo zinazosema nani alipwe, alipwe kiasi gani na kwa masharti yapi. Fidia huhesabiwa kwa SDR, kizio cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho thamani yake inatokana na dola, yuro, yuani, yeni na pauni. Miaka ya karibuni SDR moja imekuwa ikicheza kati ya dola 1.3 na 1.5 za Marekani.

Barua au pakiti ndogo ya rejista ikipotea, kiwango ni SDR 30. Kifurushi cha kawaida kisicho na bima ni SDR 40, ukiongeza SDR 4.5 kwa kila kilo. Pakiti ndogo iliyotumwa kama barua ya kawaida, bila rejista, haina fidia kabisa. Tupige hesabu ya vile vyondo: kilo mbili ni SDR 9, jumlisha 40, unapata 49, yaani dola 65 hadi 70 hivi. Ikiwa ndani mna mali ya dola 180, zaidi ya nusu imekwenda na maji. Bima huja kuziba pengo hilo: unatangaza thamani dirishani, unalipa ada, na thamani hiyo inakuwa ndicho kikomo kipya. Kila posta ina kiwango chake cha juu, na zipo nchi zisizopokea vifurushi vya bima hata kidogo. Uliza kabla ya kufunga mzigo.

Masharti ya fidia ni haya. Kinachofidiwa ni bei ya mali kwa soko la mahali na siku ulipoiposti, kwa hiyo karani ana haki ya kutazama bei ya Nairobi na kuacha bei ya Manchester. Faida uliyoitarajia haihesabiwi, wala usumbufu, wala mteja aliyekukimbia. Mzigo ukipotea, nauli hurudishwa, ila ada ya bima hairudi. Na mzigo ukipotea, anayelipwa ni aliyetuma, isipokuwa yeye mwenyewe akiamua kumwachia mpokeaji haki hiyo. Yule mteja wa Manchester akienda posta ya kwake kudai fidia, ataambiwa aliyetuma ndiye aanze, tena huko huko Nairobi.

Kuchelewa si kupotea

Sharti linalowauma wengi ni kwamba bima hii inahusu kupotea, kuibiwa na kuharibika. Kuchelewa hakumo. Zawadi ya Krismasi ikifika mwisho wa Januari ikiwa nzima, kwa kanuni za UPU posta imemaliza kazi yake. Hasira za mteja ni mzigo wa muuzaji.

Ndiyo maana inafaa kujua mzigo hukwamia wapi. Kimya kirefu kati ya "umeondoka" na "umewasili" ni jambo la kawaida. Vifurushi hufungwa pamoja ndani ya gunia la posta, na hakuna anayesoma namba ya kimoja kimoja mpaka gunia lifunguliwe upande wa pili. Kifurushi kinasubiri gunia lijae, gunia linasubiri nafasi kwenye ndege.

Halafu kuna forodha, na huko mambo yamebadilika sana. Tangu mwaka 2021 posta hutakiwa kutanguliza taarifa za mzigo kwa njia ya kielektroniki kabla haujapakiwa, hivyo fomu iliyoandikwa "zawadi" au "bidhaa mbalimbali" inaweza kuusimamisha. Uingereza, tangu Januari 2021, inamtaka muuzaji wa nje ajisajili na kutoza VAT mwenyewe kwenye mali isiyozidi pauni 135. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa mizigo ya hadi yuro 22 mwezi Julai 2021. Marekani nayo ilifuta msamaha wa ushuru kwa mizigo ya hadi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikasimamisha kwa muda vifurushi vya kwenda huko zikitafuta namna ya kukusanya ushuru. Mzigo uliozuiwa na forodha kwa sababu hizi haujapotea. Uliotaifishwa kwa mujibu wa sheria ya nchi ulikokwenda, posta haiufidii.

Kabla ya kupandisha presha, hakikisha hata namba yenyewe ni sahihi. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, inatokana na nane zilizotangulia. Tuchukue CP206135752KE. Zidisha zile nane, moja moja kwa mpangilio, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Utapata 16, 0, 24, 2, 9, 25, 63 na 35, jumla 174. Gawanya kwa 11, inabaki 9. Toa 9 kwenye 11, unapata 2, na kweli tarakimu ya tisa ni 2. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Hesabu ikikataa, kuna aliyekosea kunakili, na huenda mzigo wenyewe uko salama.

Saa mbili zisizolingana

Mkataba wa posta una saa yake. Ombi la kuulizia mzigo hupokelewa ndani ya miezi sita, kuanzia siku inayofuata siku ya kuposti. Aliyetuma hulifungua kwenye posta aliyotumia, kwa fomu ya CN 08. Posta ya upande wa pili ikijulishwa na ikakaa miezi miwili bila kumaliza shauri, posta ya kwako inaruhusiwa kukulipa kwa niaba yake.

Saa ya mteja inakwenda mbio zaidi. Kwenye eBay mnunuzi ana siku 30 baada ya tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika mzigo. Kwenye Etsy ana siku 100 tangu tarehe hiyo. PayPal humpa siku 180 tangu alipolipa. Shauri likishafunguliwa, muuzaji hupewa siku chache tu za kujibu, na risiti ya kuposti haimwokoi: PayPal inataka uthibitisho kwamba mzigo ulifika, na kwa malipo ya dola 750 na zaidi, inataka na saini ya mpokeaji.

Maana yake kwa mfuko wa muuzaji ni kwamba utamlipa mteja leo, na posta itakulipa, ikikulipa, baada ya miezi. Asiye na akiba ya kuziba muda huo hajakingwa na bima. Mwenye akiba afungue ulizo mapema na amwandikie mteja kabla mteja hajamwandikia:

"Dada, habari za huko. Mzigo wako ulipokelewa posta tarehe 3 Machi, ukaondoka Nairobi tarehe 7. Tangu hapo haujasomwa tena popote. Leo nimejaza fomu ya kuuulizia. Usipofika hadi tarehe 20 Aprili, chagua mwenyewe: nikutumie vyondo vingine au nikurudishie pesa yote. Ukifika baada ya hapo, naomba unijulishe."

Ujumbe huo una tarehe, una hatua iliyochukuliwa na una mwisho. Haumtumi mteja kwa mtu mwingine.

Ushahidi hukusanywa siku ya kuposti

Fidia nyingi hukwama kwa kukosa karatasi. Unahitaji risiti ya posta yenye namba na uzito, nakala ya fomu ya forodha ya CN 22 au CN 23, ankara ya mauzo, na uthibitisho kwamba mteja alilipa. Ongeza picha tatu: mali yenyewe, mali ikiwa ndani ya boksi, na boksi lililofungwa likiwa na anuani inayosomeka. Uzito usiudharau. Kifurushi kilichoondoka na kilo 2.1 na kufika na kilo 1.2 kinaeleza chenyewe kilichotokea njiani, mradi uzito wa kwanza uko kwenye risiti.

Mzigo ukifika umeharibika, mteja asitupe boksi wala karatasi za ndani, na aripoti posta ya kwake mara moja. Posta itataka kuona ulivyofungwa, kwa kuwa haiwajibiki kwa uharibifu uliotokana na ufungaji hafifu.

Kuna ombi ambalo kila muuzaji hulisikia: "Andika ni zawadi, bei weka dola 10, nisitozwe ushuru." Ukilikubali kisha ukakata bima ya dola 180, umeandika ushahidi dhidi yako kwa mkono wako. Na kwa upande wa pili, anayetangaza thamani inayozidi mali yenyewe kwa nia ya kudanganya hupoteza haki ya fidia yote.

Gumu kuliko yote ni mzigo ambao ukurasa unasema umekabidhiwa na mteja anaapa hajauona. Kwa kanuni, uwajibikaji wa posta huisha mzigo ukishakabidhiwa ipasavyo. Jaza CN 08 kuomba uthibitisho wa aliyepokea, na mwambie mteja aulize jirani, mlinzi wa jengo na ofisi ya posta ya mtaani. Saini ikionekana si yake, madai yamefufuka. Na mzigo ukionekana baada ya posta kukulipa fidia, utajulishwa: una miezi mitatu ya kuuchukua, ukirudisha fidia uliyopokea.

Ukate bima au usikate?

Hesabu ianzie pale palipo na fidia ya bure. Kiondo kimoja cha dola 45 kikitumwa kama kifurushi cha kilo moja tayari kinabeba kinga ya SDR 44.5, zaidi ya bei yake, kwa hiyo ada ya bima hapo haikuongezei kitu. Vyondo vinne vya dola 180 vinaacha pengo la dola 110 hivi, na hapo bima ina kazi. Kwa anayetuma vifurushi vingi vya bei ndogo, ni heri ile ada aiweke pembeni kila anapoposti, iwe mfuko wa kurudishia wateja. Mfuko huo hulipa hata mzigo ukichelewa, jambo ambalo bima ya posta haitafanya.