KUOTESHA MBEGU KATIKA MAKOPO WAKATI WA KIPUPWE



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, mvua za masika zikiwa zimekatika, bustani nyingi za hapa Bigwa huachwa. Utasikia watu wakisema, "Sasa baridi, tena maji hakuna, tungoje vuli." Makala haya yanaeleza kwa nini hatuna haja ya kungoja, na jinsi kila mmoja wenu anavyoweza kuanzisha bustani nyumbani kwao kwa vyombo vinavyotupwa njiani.

Kipupwe na mbegu

Kipupwe ni majira ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti. Huku kwetu chini ya milima ya Uluguru, usiku joto hushuka hadi kama nyuzi 15 za Selisiasi, na mchana hupanda hadi nyuzi 27 au 28. Ukipanda juu kwenda Mgeta baridi huzidi, na ndiyo maana kabeji, karoti na viazi mviringo vya huko hujaa katika soko la Morogoro.

Baridi hii haiui mbegu, bali huichelewesha. Nyanya hupenda joto la nyuzi 20 hadi 30 ili iote. Mbegu iliyo katika tuta wazi hupigwa na ubaridi usiku, na mchana upepo mkavu huunyausha udongo wa juu kabla mzizi haujashika.

Katika nchi za baridi kali, kama Marekani na Kanada, wapo watu wanaotia mbegu katika madumu ya maziwa yaliyokatwa, wakayafunika na kuyaacha nje kwenye theluji. Mbegu hukaa humo mpaka joto lirudi, ndipo huota. Sisi hatuna theluji, lakini fikra ni hiyo hiyo: chombo kidogo chenye kifuniko kinachopitisha mwanga huwa nyumba ya joto. Hutunza unyevu, huzuia upepo na huwazuia kuku.

Faida nyingine ni maji. Wakati huu vijito vinavyoshuka kutoka mlimani hupungua, na ndoo ya maji ina thamani. Tuta humeza ndoo nzima, lakini makopo kumi hutosheka na jagi moja. Hata maji ya udhu, yasiyo na sabuni, yakikingwa kwa beseni hutosha kwa makopo mengi.

Vyombo

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, lakini chupa za maji bado zimetapakaa kila mahali. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ikate katikati. Sehemu ya chini ndiyo kitalu, na ya juu ndiyo kifuniko. Kizibo ondoa ili hewa ipite. Makopo ya maziwa, ndoo zilizopasuka na sufuria mbovu pia hufaa. Hivi vifunike kwa nyasi kavu mpaka mbegu ziote, kisha ondoa nyasi siku ile ile.

Toboa matundu matano au sita chini ya kila chombo, yenye upana wa penseli. Tia kokoto chache kwanza, kisha udongo. Jambo hili msilipuuze. Sababu nitaieleza hapa chini.

Udongo

Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri au mboji, na sehemu moja ya mchanga wa mto. Pitisha katika chekeche. Samadi mbichi huunguza mizizi. Msipande mlimani kuchimba udongo katika hifadhi ya msitu. Msitu ule ndio unaotunza maji tunayokunywa. Ili kupunguza vimelea vya magonjwa, mwagia udongo maji yanayochemka, uufunike, uuache mpaka siku ya pili upoe na kuchuja maji.

Mbegu zipi?

Zinazopenda baridi yetu ni kabeji, sukuma wiki, chainizi, figiri, saladi na vitunguu. Nyanya, nyanya chungu, bilinganya na pilipili hoho nazo huota, ila zinahitaji kifuniko, na hoho huhitaji subira ya wiki mbili au zaidi. Mchicha na bamia hupenda joto, waachieni Septemba. Karoti msiioteshe katika kopo kwa ajili ya kuihamisha, maana mzizi wake ukikatika hutoka wenye pembe. Ipandwe moja kwa moja bustanini.

Kama mbegu ni za zamani, zijaribu kwanza. Weka kumi katika kitambaa chenye unyevu, ndani ya bakuli lililofunikwa. Zikiota nane au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota nne, panda mara mbili na nusu ya idadi unayoitaka. Zisipoota kabisa, usipoteze udongo wako.

Fukia mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake, basi. Andika aina na tarehe kwenye kijiti. Weka vyombo mahali panapopata jua la asubuhi.

Kosa langu mwenyewe

Mwaka wa kwanza wa bustani ya madrasa tulitia nyanya katika makopo 24. Ziliota vizuri. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, tukaikuta miche imelala, shina limekonda pale linapotokea udongoni kama limebanwa kwa uzi. Zamu ya kumwagilia ilikuwa ya kijana mmoja. Nilimwambia mbele ya wenzake kuwa ameiua miche kwa kiu. Alinyamaza, na siku mbili hakuja madrasa.

Nilipomwaga makopo ili tuanze upya, nilikuta chini ni tope lenye harufu. Matundu nilikuwa nimeyatoboa mimi, moja moja kwa msumari mwembamba, na udongo ulikuwa umeyaziba. Kijana hakuinyima miche maji. Aliimwagilia kila siku kama nilivyomwagiza. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomlaumu mbele yao.

Ugonjwa ule huitwa kinyausi. Huletwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi katika udongo uliolowa mno. Tofauti yake na kiu ni hii: mche wenye kiu hulegea majani, udongo wake ni mkavu, na ukiupa maji huinuka. Mche wa kinyausi hukonda shina kwa chini, udongo wake umelowa, na hauinuki tena. Kwa hiyo kabla ya kumwagilia, na kabla ya kumlaumu mtu, ingiza kidole udongoni.

Baada ya kuota

Miche ikitokeza, fungua kifuniko mchana na kirudishe usiku. Ikibanana, ng'oa iliyo dhaifu. Wiki ya mwisho acha wazi usiku na mchana na upunguze maji, ili miche izoee jua na upepo. Sukuma wiki na kabeji huwa tayari baada ya wiki nne, nyanya wiki nne hadi sita, zikiwa na majani manne hadi sita. Hamisha jioni, pamoja na udongo wake, na uizungushie kila shina kipande cha karatasi ngumu ili sota wasilikate.

Ukiotesha mwanzoni mwa Julai, sukuma wiki utaanza kuichuma Septemba na nyanya kuanzia mwisho wa Oktoba. Aliyengoja vuli, wakati huo ndiyo kwanza anatafuta mbegu, na mvua zikija humletea bakajani.

Basi kila mwanafunzi alete chupa mbili. Msumari na moto wa kutobolea mtavikuta kwangu, na matundu tutayahesabu pamoja.

Wabillahi tawfiq.