Binti Aliyetumwa na Ubalozi Anafanya Kazi Gani?

Familia nyingi zilizokimbilia Bukavu zimetembelewa na mgeni, mwanamke kijana, anayeuliza maswali na kuandika majibu. Wengine hudhani ameleta msaada. Akiondoka bila kuacha kitu, wanakata tamaa.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaeleza kazi yake: kuwakilisha nchi yake, kulinda raia wake, kufanya mazungumzo na kupeleka habari kwa serikali yake. Haruhusiwi kuingilia mambo ya ndani ya nchi aliyotumwa. Kwa hiyo hawezi kuwaahidi ulinzi wala chakula.

Hata hivyo, msimdharau kwa sababu ya umri wake. Thérèse Kayikwamba Wagner alifanya kazi Umoja wa Mataifa kabla ya kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo mwaka 2024. Tarehe 27 Juni 2025, huko Washington, alitia sahihi mapatano kati ya Kongo na Rwanda. Mapatano hayo yanagusa pia kurudi makwao kwa waliohama.

Viongozi, mgeni akija:

- Mwulizeni ametumwa na nani, na maneno yenu yatafika wapi.
- Tajeni mahali na tarehe. Mliyoyaona na mliyoyasikia myatenganishe.
- Msitaje jina la mtu anayeweza kudhurika.
- Waacheni akina mama wazungumze naye peke yao. Azimio 1325 la Baraza la Usalama, la mwaka 2000, linataka wanawake washiriki katika kutafuta amani.

Yeye hubeba maneno tu. Basi tumpe maneno ya kweli.