Kuni za shamba dogo: faida ni ya anayejua kungoja

SHULE zinapokaribia kufunguliwa, madalali wa miti hawabishi mlango mara mbili katika vijiji vya nyanda za juu. Mwenye shamba ana barua ya karo mkononi, naye dalali ana noti mfukoni. “Mzee, miti hii yote nitaichukua kwa bei moja, wewe usijisumbue na kazi,” humwambia huku akiipima kwa macho mikaratusi iliyotimiza miaka sita. Hakuna anayehesabu wala anayeshika futi. Kabla ya siku mbili kupita, msumeno wa injini umemaliza kazi na kinachobaki ni visiki, majani na swali la mama wa nyumba: sasa sisi tutapikia nini?

Hayo ndiyo masaibu ya familia nyingi zenye vishamba vya miti, zikiwemo zile zinazoishi Nairobi, Nakuru au Mombasa na kumwachia ndugu kazi ya kuangalia boma. Miti iliyongojewa miaka mingi huuzwa kwa saa moja, na sehemu kubwa ya faida huondoka na lori. Ilhali biashara ya kuni ikiendeshwa kwa mpango, hata nusu ekari inaweza kuleta fedha kila mwaka bila shamba kubaki uchi.

Je, soko lipo? Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya familia nchini Kenya zilikuwa zikipikia kuni. Viwanda vya majani chai hutumia kuni kutoa mvuke wa kukaushia majani, na vingi hununua kutoka kwa wakulima. Kuna pia shule za bweni, mikahawa, waoka mikate na wachoma matofali. Ni kweli kwamba baadhi ya shule zimeanza kuhamia gesi, na hiyo ni sababu ya muuzaji kutotegemea mteja mmoja.

Mti gani, na upandwe wapi?

Mkaratusi ndio mti unaojulikana zaidi katika biashara hii. Uliletwa nchini mwaka wa 1902 ili kutoa kuni za garimoshi la reli ya Kenya na Uganda, na tangu hapo haujaondoka. Hukua upesi, na kwa kuni huweza kukatwa baada ya miaka mitano hadi minane, kutegemea mvua na udongo. Zaidi ya yote, ukikatwa huchipuka tena.

Lakini mkaratusi hunywa maji mengi. Mwaka wa 2009, marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru mikaratusi iliyopandwa kando ya mito ing'olewe. Mwaka uo huo Idara ya Misitu ya Kenya, KFS, ilitoa mwongozo wa kuukuza mti huu mashambani. Mwenye shamba lenye kijito au chemchemi asiupande hapo hata kama ardhi hiyo haina kazi nyingine. Pia usipandwe ukaribiane na mahindi ya jirani, kwani ugomvi wa mipaka huanzia hapo hapo.

Muwati nao una sifa zake. Huongeza rutuba ya udongo, makaa yake husifiwa, na gome lake hutumiwa kulainisha ngozi. Tofauti ni kwamba kisiki chake hakichipuki vizuri. Huota upya kutokana na mbegu zilizoanguka. Mgrivelea, ambao Wakikuyu huuita mukima, unafaa zaidi mpakani na katikati ya kahawa au chai. Huu matawi yake hupunguzwa mara kwa mara yakawa kuni za jikoni, huku shina likiendelea kunenepa hadi liwe mbao.

Ligawe shamba mafungu

Kosa kubwa la wengi ni kupanda shamba zima kwa siku moja na kulikata lote kwa siku moja. Mwenye kufanya hivyo hupata fedha mara moja kwa miaka sita, na dalali hujua kwamba hana pa kukimbilia.

Njia bora ni hii. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande, ekari moja huingia miti kama 640, na nusu ekari 320. Ligawe hilo nusu ekari mafungu sita yenye miti 50 na ushee. Panda fungu moja kila mwaka. Mwaka ambao fungu la kwanza litakuwa tayari kukatwa, la pili litakuwa limebakisha mwaka mmoja, na kuendelea. Utakapomaliza kukata la sita, machipukizi ya lile la kwanza yatakuwa yamekomaa. Kwa hivyo kila mwaka kuna kitu cha kuuza, na kila mwaka kuna miti iliyosimama.

Kisiki ni mtaji. Mkaratusi ukatwe kwa msumeno kiasi cha sentimita kumi kutoka ardhini, na mkato uinamishwe kidogo ili maji ya mvua yasituame na kuozesha. Usiuparure kwa panga, kwani gome likibanduka machipukizi hudhoofika. Yatakapochomoza kwa wingi, punguza hatua kwa hatua hadi yabaki mawili au matatu yenye nguvu. Haya hukua haraka kuliko mche mpya kwa sababu mizizi yake ni ya mti mzima. Kondoo na mbuzi wasiachwe kuingia hapo, la sivyo watakula karo ya mtoto.

Uvumilivu hukausha kuni

Hapa ndipo penye faida inayowaponyoka wengi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzani wake ni maji. Tani moja ya kuni mbichi hubeba takriban kilo 500 za maji, na zikikauka vizuri tani hiyo hubaki kama kilo 625. Mpishi anayewasha kuni mbichi hutumia moto kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni kabla ya kuchemsha yaliyomo ndani ya sufuria. Kilo moja ya kuni kavu humpa joto linalozidi la kuni mbichi kwa zaidi ya nusu yake, na moshi kidogo machoni na kifuani.

Mteja wa shule au mkahawa akishaonja kuni kavu harudi kwa mbichi, na yuko tayari kuongeza bei kidogo. Lakini kazi ya kukausha haina mkato. Magogo yachanjwe yakiwa bado mabichi, maana shoka hupita kwa urahisi. Yapangwe juu ya fito mbili zilizolazwa chini ili yasiguse udongo, kwani mchwa hawana huruma. Juu yafunikwe kwa mabati makuukuu, na kando paachwe wazi upepo upite. Kuyafunika pande zote kwa karatasi ya plastiki ni kuyaozesha.

Katika sehemu zenye mvua nyingi kama Kericho au Kisii, kazi hii huchukua miezi kadhaa. Utajuaje kwamba zimekauka? Ncha zake huwa na nyufa, gome huachana na mti, na ukigonganisha vipande viwili hulia kama ubao wala si kama ndizi mbichi. Anayetaka kuuza Januari hana budi kukata mapema katikati ya mwaka. Hiyo ndiyo siri ya kumshinda dalali: unapoihitaji fedha, kuni ziko tayari zimepangwa, nawe ndiwe unayetaja bei.

Pima kabla ya kupatana

Usiuze kwa macho. Panga kuni ziwe lundo la urefu wa mita moja, upana mita moja na kimo mita moja. Hiyo ni mita moja ya ujazo. Kumbuka kuwa karibu thuluthi moja ya lundo ni hewa, basi lipange vizuri ili mteja asihisi ameibiwa. Mnunuzi akitaka kulipa kwa kilo, jua kwamba kuni zako kavu zimepoteza uzani na bei ya kilo lazima iwe juu kuliko ya mbichi. Asiyejua hesabu hii huadhibiwa kwa kukausha.

Chagua pia kabla ya kuchanja. Mti ulionyooka huenda ukapata bei nzuri zaidi ukiwa nguzo au fito za kujengea. Uliopinda ndio wa kuni. Matawi na vilele viachiwe jikoni mwa nyumbani. Ni aibu kwa boma lenye miti 300 mama wake kutembea na tita mgongoni akitafuta vijiti kwa jirani.

Sheria na roho ya mtu

Kabla ya kukata au kupakia lori, pita katika ofisi ya misitu iliyo karibu uulize kuhusu vibali vya kukata na kusafirisha, na katika ofisi ya kaunti kuhusu ushuru. Gari likikamatwa barabarani bila karatasi, hasara ni yako. Marufuku iliyotangazwa Februari 2018 ilihusu ukataji katika misitu ya umma, lakini wakulima wengi walishtuka na hawakujua wanaruhusiwa nini. Kuuliza si ujinga.

Msumeno wa injini usipewe kijana asiyefunzwa kwa sababu tu ana nguvu. Mti hauangukii unapotaka wewe bali unapoelemea, na watoto wakae mbali wakati wa kazi hiyo.

Mwisho kuna jambo ambalo familia za mjini hulikwepa. Miti ni ya nani? Baba aliyeipanda akifariki, ndugu mmoja huuza fungu lote, wengine wakasikia habari kwa simu. Kaeni pamoja wakati wa likizo, mhesabu visiki na miti, mwandike katika daftari nani anakata fungu lipi mwaka gani, na fedha zinaingia kwa nani. Daftari la shilingi chache limeokoa undugu ambao wakili hangeuokoa.

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Kwa mwenye shamba la kuni, mvumilivu huuza kavu, na kisiki chake kikabaki kikichipuka.